Wanachuo wa mazoezi, walimu waliofunzwa au vikundi vya vijana: shule ya Mombasa ichague ipi?

Mkuu wa shule akipokea barua ya chuo kikuu inayoomba ushirikiano wa afya ya akili, mara nyingi hutia sahihi siku hiyo hiyo. Haishangazi. Shule ina wanafunzi mia sita, mwalimu wa ushauri nasaha ni mmoja na bado ana vipindi vyake vya Kemia, na pesa za kuajiri mshauri hazipo. Chuo kinakuja bure. Ila barua hiyo moja yaweza kumaanisha mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, na shule iliyopata lisiloifaa hujikuta mwisho wa muhula na watoto waliofunguka moyo kisha wakaachwa njiani. Mtoto aliyefunguka mara moja akaachwa hafunguki tena kwa urahisi.

La kwanza: chuo kinaleta wanafunzi wake wa saikolojia au ushauri nasaha walio kwenye mazoezi, wakae shuleni siku moja au mbili kwa wiki na kuonana na wanafunzi mmoja mmoja. La pili: wahadhiri wanawafunza walimu wa shule yenyewe, kisha wanaendelea kuwasimamia. La tatu: vijana waliomaliza kidato cha nne au walio mwaka wa kwanza chuoni wanafunzwa kuendesha vikao vya vikundi vyenye mtaala mfupi. Lipo na la nne, utafiti wa kupima dalili kwa hojaji. Hilo tutalishika mbele, kwa sababu hupewa jina la huduma na huduma yenyewe haimo.

Kabla ya kulinganisha, shika takwimu mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, uliotoa matokeo yake mwaka 2022, ulikuta asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa wa akili. Walio wengi wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, stadi za kukabiliana na mawazo, na mwalimu asiyewadhalilisha. Wachache wanahitaji tabibu. Njia inayowafaa wale wengi siyo itakayowatibu hawa wachache, na makosa mengi ya ushirikiano huanzia hapo.

Nani atafikiwa, na wangapi

Chukua mwanachuo mmoja wa mazoezi anayekuja siku mbili kwa wiki. Akikaa vizuri ataonana na wanafunzi watano kwa siku, kila mmoja kipindi cha dakika 40. Muhula una wiki 12, lakini ya kwanza ni ya kujitambulisha na mbili za mwisho ni mitihani na kufunga kazi. Zimebaki tisa: vikao 90. Kila mwanafunzi akihitaji vikao sita, amehudumia watoto 15. Kumi na tano kati ya mia sita! Hao 15 wamepata huduma ya kina kuliko wote, hilo hatulikani, ila mkuu wa shule asiwaambie wazazi kwamba sasa shule ina mshauri.

Vikundi hesabu yake ni nyingine. Vijana wanne, kila mmoja na kikundi cha wanafunzi 12, kikao cha saa moja kwa wiki kwa wiki nne: wanafunzi 48. Mizunguko miwili kwa muhula ni 96. Na njia hii imejaribiwa hapa hapa Kenya. Shirika la Shamiri liliwatumia vijana wa miaka 18 hadi 22 wasio wataalamu, vikao vinne, kwa wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili zilishuka kuliko kwa kundi la kulinganishia, lililofundishwa mbinu za kusoma. Vikao vilihusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, shukrani, na maadili anayoyathamini mtoto mwenyewe. Neno sonona halikuwa ndilo mlango wa kuingilia. Kwa Mombasa hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mtoto anayeitwa kwenye "kikao cha afya ya akili" mbele ya wenzake ameshaitwa mwenda wazimu kabla hajakaa.

Walimu wawili waliofunzwa, wakipunguziwa vipindi vinne kila mmoja kwa wiki, wana nafasi ya mazungumzo 80 katika wiki kumi. Idadi inakaribiana na ya mwanachuo. Tofauti ni kwamba mwalimu yuko Jumatatu hadi Ijumaa, yuko muhula ujao, na ndiye anayemwona Salim akilala kwenye dawati siku ya tatu mfululizo. Vile vipindi vinne lakini viandikwe kwenye ratiba. Visipoandikwa, mwalimu atafunzwa, atapewa cheti, na kazi ya ushauri ataifanya saa ya chakula, wiki mbili, basi.

Alhamisi, saa tisa alasiri

Hapa ndipo pa kupimia njia zote. Mtoto anasema hataki kuishi. Ni Alhamisi, saa tisa. Nani anafanya nini?

Kiongozi wa kikundi mwenye miaka 19 hapaswi kubeba jambo hilo zaidi ya dakika chache. Kazi yake ni moja: kutomwacha mtoto peke yake na kumfikisha kwa mtu aliyetajwa kwa jina kwenye makubaliano. Mwanachuo wa mazoezi anaweza kuuliza maswali ya awali, lakini uamuzi ni wa msimamizi wake, na msimamizi akiwa Nairobi anafundisha, simu haipokewi. Mwalimu aliyefunzwa ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi: ana namba ya mzazi, anajua nyumbani kukoje, na mkuu wa shule yuko mlango wa pili.

Yeyote atakayeuliza, aulize waziwazi. Kuuliza kuhusu kujiua hakumtii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo, na anayezungukazunguka humfundisha mtoto kwamba jambo hilo halisemeki. Maswali yenyewe, kwa mfuatano: Umewahi kuona ni afadhali usiwe hai? Umefikiria kujitoa uhai? Umefikiria utafanya vipi? Hicho kitu unacho, au wajua pa kukipata? Umepanga lini? Ni nini kilichokuzuia mpaka leo? Jibu la swali la nne likiwa ndiyo, au la tano likitaja siku, mtoto hatoki machoni pa mtu mzima mpaka afike hospitali siku hiyo hiyo, na dawa ya panya au vidonge vya nyumbani vinaondolewa kabla hajarudi.

Simu kwa mzazi nayo ina namna yake. "Assalam aleikum, mama Aisha. Ni mwalimu wake. Aisha mzima, yuko hapa nami ofisini. Nakuomba uje sasa hivi tuzungumze uso kwa uso." Usimweleze kwenye simu akiwa sokoni au kwenye matatu, ataingiwa na hofu, atamfokea mtoto kabla hajafika.

Rufaa ya Mombasa ina vituo vichache na vinajulikana. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili, na Coast General ndiyo hospitali ya rufaa ya eneo zima la Pwani. Ikiwa jambo ni ubakaji au unajisi, Coast General ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na hapo saa ndiyo mali: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Simu ya watoto 116 ni ya bure, na ile ya Msalaba Mwekundu 1199 vilevile. Namba hizi zibandikwe ndani ya mlango wa choo, mahali ambapo mtoto anaweza kuzinakili bila kuonekana, siyo kwenye ubao wa matangazo pekee.

Walimu wengine bado wanaogopa kuandika neno kujiua kwenye daftari wakidhani wanampeleka mtoto polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Andika, na uandike saa.

Chumba, lugha, siri

Njia ya kikundi yahitaji darasa tupu na viti vya kuzunguka, basi. Mazungumzo ya mmoja mmoja yanahitaji zaidi, na shule hulikosea hili mara kwa mara. Chumba kinachotolewa huwa ni stoo iliyo ubavuni mwa ofisi ya naibu mkuu, mlango nusu ni kioo, na wanaongoja adhabu wamepanga foleni nje. Hakuna mtoto atakayesema neno humo. Bora kona ya maktaba nyuma ya rafu, au chumba cha huduma ya kwanza, kiti cha mwanafunzi kikielekea ukutani ili machozi yake yasionekane dirishani. Saa iwe mahali mshauri anapoiona bila kugeuza shingo.

Mwalimu ana tatizo ambalo wanachuo hawana: huyo huyo anayesikiliza ndiye aliyekaa kwenye kamati ya nidhamu iliyomsimamisha mwanafunzi wiki iliyopita. Usijaribu kulitatua kwa mafunzo. Mwalimu wa ushauri atolewe kwenye kamati ya nidhamu kwa maandishi, na wanafunzi watangaziwe hilo gwarideni. Chuo kisipolisisitiza hili, kinafunza bure.

Mwanachuo naye ana lake. Mombasa ni mji wa watu kujuana; mshauri anayetoka Majengo huenda ni binamu ya jirani wa mtoto wa Majengo. Chuo kipange wanachuo mbali na mitaa yao. Tena, aliyesoma saikolojia yote kwa Kiingereza hukwama pale mtoto anaposema "sina raha", "moyo mzito", "mawazo yamenizidi", "kichwa chaniuma kila siku". Hayo ndiyo maneno ya sonona na wasiwasi hapa, na mengi yao huja kwa njia ya mwili: kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio. Wiki ya kwanza ya mazoezi itumike kukusanya maneno haya kutoka kwa walimu na matroni, yaandikwe, yajadiliwe na msimamizi.

Na kuna jini. Familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, zitampeleka mtoto kwa sheikh au mchungaji kabla ya hospitali au sambamba nayo. Mshauri anayeanza kwa kubisha amepoteza mzazi. Njia inayozaa matunda ni kumwambia mzazi dua iendelee na kliniki iendelee, na kumwomba atuambie akiacha moja kati ya hizo. Mpaka uko mahali pamoja tu na hautikisiki: mtoto akifungwa, akipigwa au akinyimwa chakula kwa jina la tiba, hilo ni la afisa wa watoto wa kaunti ndogo, siku hiyo hiyo.

Rekodi: daftari moja lenye kufuli, wanafunzi kwa namba badala ya majina, na orodha ya namba na majina ikae mahali pengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto. Hatari kubwa kuliko zote haimo kwenye daftari, imo kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Makubaliano yaseme kwa sentensi moja: jina la mwanafunzi anayehudumiwa halitajwi kwenye kundi lolote la simu.

Kalenda mbili zisizopatana

Chuo kina semesta, shule ina mihula, na mara nyingi wanachuo wanafika wiki ya nne na kuondoka katikati ya kesi. Muhula wa tatu ni mfupi na mitihani ya kitaifa inaumeza. Usianzishe njia yoyote hapo. Muhula wa kwanza unafaa kwa kufunza walimu, wa pili kwa wanachuo na vikundi.

Kisha kuna saa za siku. Vikao vya baada ya masomo vinagongana na madrasa, na mtoto atachagua madrasa kwa sababu ustadhi atamuuliza. Ijumaa mchana haipo. Mwezi wa Ramadhani vikao viende asubuhi, viwe vifupi, na shughuli ya kugawa vitafunio ifutwe. Shule ya Likoni ikipokea wanachuo kutoka kisiwani, feri kwa mwenda kwa miguu ni bure lakini foleni si bure: kikao cha kwanza kisipangwe mapema mno, maana mshauri akichelewa mara mbili mtoto anahesabu ameachwa. Vikundi vinaumia zaidi kwa hili, kwa sababu kikao kimoja kikipotea kati ya vinne, robo ya kazi imekwenda.

Hojaji bila huduma

Barua nyingine huja na fomu: PHQ-9 yenye maswali tisa ya sonona, alama 0 hadi 27, GAD-7 ya wasiwasi, maswali saba, alama 0 hadi 21, au SDQ ya hisia na tabia, yenye maswali 25. Ni zana nzuri mikononi mwa mtu mwenye kujua. Lakini piga hesabu. Wanafunzi 600 wamejaza, na tuseme mmoja kati ya kumi ameonyesha alama za kutia shaka. Hao ni 60. Kumwona kila mmoja dakika 40 kwa mara ya kwanza ni saa 40. Kwa mwanachuo mwenye saa tano za kazi kwa wiki ni wiki nane za kuonana mara moja tu. Na swali la tisa la PHQ-9 linauliza juu ya kujidhuru. Aliyejibu ndiyo Jumatatu hawezi kungoja fomu zichambuliwe mwezi ujao. Shule iseme wazi: fomu zenye swali hilo zinasomwa siku hiyo hiyo kabla wanafunzi hawajaenda nyumbani, la sivyo hazigawiwi. Utafiti wowote pia unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, na idhini ya kamati ya maadili, pamoja na ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Omba uone barua hizo kabla ya kutenga darasa.

Sasa, ipi?

Kwa shule ya umma ya kutwa, iwe Kisauni, Jomvu au Likoni, tunashauri uanze na walimu, hata kama chuo kinasukuma wanachuo. Walimu wawili au watatu, mmoja wao mwanamke na mmoja mwanamume, siku tano za mafunzo: dalili, kusikiliza bila kuhubiri, yale maswali ya kujiua yakifanyiwa mazoezi kwa sauti mpaka ulimi uyazoee, rufaa, na rekodi. Siku moja nzima iwe ya muguka (aina ya miraa) na dawa za kulevya, kwa kuwa mwalimu wa Pwani ataulizwa hayo kabla ya mengine. Kisha saa mbili za usimamizi kila mwezi. Muhula wa pili ongeza vikundi. Wanachuo waje baada ya hapo, watakapokuta mtu wa kuwapokea na wa kubaki na watoto wao.

Shule ya bweni ina hali tofauti: usiku ndio mrefu, na matroni ana thamani kuliko mhadhiri. Mafunzo yasimwache nje. Huko wanachuo wa siku mbili wanafaa zaidi kwa sababu hakuna madrasa wala matatu ya kukimbilia.

Sekondari ndogo, gredi ya saba hadi ya tisa, ina watoto wadogo kwa vikundi vya vijana vilivyotungiwa sekondari. Kwa umri wa miaka 10 hadi 14 ulizia mtaala wa EASE wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF: vikao saba vya watoto na vitatu vya wazazi. Hivyo vitatu ndivyo vigumu kujaza. Vipange Jumamosi asubuhi au siku ya kuchukua ripoti, siyo jioni.

Shule binafsi inayoweza kumlipa mshauri wa muda inunue saa zake na kuwaomba wanachuo wawe chini yake, kwa sababu msimamizi aliye jengoni ana faida kuliko wawili walio mbali.

Njia yoyote utakayoshika, sahihi isitiwe mpaka karatasi ijibu haya: jina na simu ya msimamizi, na kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, jina la atakayeshika simu msimamizi asipopatikana, saa ngapi za usimamizi kwa wiki, nasi tusingekubali chini ya saa moja kwa kila wanachuo wawili, nani analipa nauli na muda wa maongezi, na tarehe ya mwisho ya kupokea mwanafunzi mpya, ambayo iwe wiki tatu kabla wanachuo hawajaondoka. Katika wiki hizo tatu kila mtoto anayehudumiwa aambiwe siku ya mwisho, atambulishwe ana kwa ana kwa mwalimu atakayebaki naye, na mwalimu huyo apewe karatasi moja: namba ya mtoto, kilichomleta, kinachomsaidia, dalili ya kurudi nyuma, na nani wa kupigiwa simu wakati wa likizo.